Tope Lisilomwagwa

Choo chetu cha Mbagala kilipokaribia kujaa, baba alinunua vipakti saba vya dawa kutoka kwa kijana aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni. Vilikuwa vidogo kama vipakti vya kahawa ya dukani, vyeupe upande mmoja, vyenye kung'aa upande wa pili. Kijana alieleza kwamba ndani mna bakteria waliolala, unga mkavu tu, na kwamba wakiangukia shimoni wataamka na kuanza kula.

"Mzee wangu, hawa ni wafanyakazi," alimwambia baba. "Hawalali, hawagomi, hawadai nauli."

Baba alicheka, akalipa. Maagizo yalikuwa mepesi: kila Ijumaa kipakti kimoja, bila kukifungua, maana karatasi yenyewe ingeyeyuka. Mama hakucheka. Yeye alikuwa na dawa zake za siku zote: majivu ya jikoni, na harufu ikizidi, kopo la mafuta ya taa au ndoo ya maji yenye jiki. Kijana alipoliona kopo lile kando ya mlango wa choo alishtuka kweli. "Mama, ukimwaga hiyo utawaua wote." Mama akamjibu kwamba hajawahi kuona mtu akinunua wadudu wa kutia chooni, kawaida watu hununua dawa ya kuwatoa.

Kwa hiyo kwa wiki saba nyumba yetu ilikuwa na mtu mmoja anayewalisha wadudu Ijumaa na mwingine anayewaua Jumamosi.

Tulikuwa na sababu ya kuhangaika. Uchochoro wetu ulikuwa mwembamba, gari la kunyonya majitaka halikuweza kufika. Zilibaki njia mbili. Ya kwanza ni wale vijana wanaoitwa vyura, wanaoingia shimoni usiku na kupakua kwa ndoo. Ya pili ni kutapisha. Kwa msomaji asiye wa Dar es Salaam: mvua kubwa ya masika ikianza, mwenye choo kilichojaa hutoboa ukuta wa shimo upande wa chini, na mafuriko yanachukua yote. Asubuhi hakuna anayemuuliza mwenzake. Sisi tulikaa bondeni. Kila aliyetapisha juu yetu alitapisha kwetu, na kila mwaka tulisubiri kusikia ni mtaa gani umeanza kuharisha.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba ubishi wa mama na yule kijana, kuua au kulisha, ulikuwa na umri wa zaidi ya karne moja, na kwamba uliwahi kuendeshwa na wanakemia wa serikali, kwa fedha za serikali, katika mji mkubwa kuliko yote duniani wakati huo.

London ilitapisha. Sioni neno bora zaidi. Mwaka 1858, kiangazi cha joto kali, mto Thames ulinuka hadi mapazia ya Bunge pale Westminster yakalowekwa kwenye kloridi ya chokaa ili wabunge waweze kupumua. Waheshimiwa walipoonja wanachoonja wananchi, fedha zilipatikana haraka. Mhandisi Joseph Bazalgette alijenga mitaro mikubwa iliyokusanya majitaka ya mji mzima na kuyapeleka mashariki, Beckton upande wa kaskazini wa mto na Crossness upande wa kusini. Ilikuwa kazi ya ajabu na mitaro hiyo bado inatumika. Lakini Bazalgette hakusafisha kitu. Kule mwisho wa mitaro palikuwa na mabwawa yaliyoyashikilia majitaka mpaka maji yanapoanza kupwa, kisha milango ikafunguliwa na bahari ikaachiwa mzigo. Mtu wa pwani ataelewa upesi kasoro ya mpango huo: maji yanayopwa hujaa tena.

Jioni ya tarehe 3 Septemba 1878 meli ya abiria iitwayo Princess Alice, ikirudisha watu mjini kutoka matembezi ya siku, iligongana na meli ya makaa ya mawe, Bywell Castle, karibu na Woolwich. Ilizama ndani ya dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 600, familia nzima nzima, wengine bado wakiwa na nguo zao za matembezi. Saa moja hivi kabla ya ajali milango ya majitaka ilikuwa imefunguliwa. Waliookolewa walisimulia ladha na harufu ya yale maji, na wengine walikufa baadaye. Hakuna aliyeweza kuthibitisha nani aliuawa na maji na nani aliuawa na uchafu, lakini tangu siku ile haikuwezekana tena kusema kwamba tatizo limehamishwa.

Tume iliundwa. Jibu lake lilikuwa la kikemia: tia chokaa na chumvi ya chuma, uchafu utazama, maji ya juu yaende mtoni. Chini ya matangi ikabaki kitu ambacho mpaka hapo hakuna aliyekuwa amekifikiria sana, yaani tope. Tope zito, jeusi, lenye maji zaidi ya sehemu tisa kwa kumi, na lenye kuongezeka kila siku. Mwaka 1887 meli maalumu ilianza kulipeleka na kulimwaga baharini, nje ya mdomo wa mto. Meli hiyo iliitwa Bazalgette. London iliendelea kumwaga tope lake baharini hadi mwisho wa mwaka 1998, miaka 111, mpaka sheria ya Ulaya ilipokataza. Nilipoisoma tarehe hiyo nilirudia kuisoma, nikidhani macho yamenidanganya. Mwaka 1998 mimi nilikuwa nimekwisha kuzaliwa.

Na chokaa ndiyo jiki ya mama. Ukiitia kwa wingi harufu inakufa, kwa sababu kila kinachotoa harufu kimekufa. Kwa wengi hilo lilikuwa ndilo lengo lenyewe, maana wakati huo Pasteur na Koch walikuwa wameuonyesha ulimwengu kwamba vijidudu huleta magonjwa, na mtu mwenye akili angewaza nini tena zaidi ya kuwaangamiza? Ilihitajika jeuri kidogo kusema kinyume. William Dibdin, mkemia wa bodi ya mji wa London, na mwenzake August Dupré, walikuwa nayo. Walisema majitaka hayasafishwi na chokaa, yanasafishwa na viumbe vilivyomo ndani yake, na kwamba kazi ya mhandisi ni kuvifuga vile viumbe, si kuviua. Dibdin alitaka chokaa ipunguzwe mpaka iwe kidogo tu, ya kuzamishia uchafu, kisha vijidudu viachwe vifanye yao.

Hakuitoa hoja hiyo hewani. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walikuwa wamefanya jaribio ambalo kwangu mimi ni moja ya majaribio mazuri zaidi ya karne ile, na ambalo ungeweza kulifanya uani. Walijaza bomba pana kwa mchanga na vipande vya mawe ya chokaa, wakapitisha majitaka polepole. Siku zikapita, siku 20 hivi, na amonia iliyoingia juu ilitoka chini vilevile. Halafu ghafla naitreti zikaanza kuonekana, mpaka amonia yote ikageuka. Ingekuwa kazi ya kemia peke yake, waliuliza, kwa nini ingoje siku 20? Wakatia mvuke wa klorofomu, ile dawa ya kulaza wagonjwa. Kazi ikasimama. Wakaondoa klorofomu, wakasubiri, hakuna kitu. Wakatia maji waliyooshea udongo wa shamba, na baada ya siku chache kazi ikaanza upya. Mchanga wala mawe hayalazwi kwa klorofomu. Kilichokuwa kikifanya kazi mle ndani kilikuwa hai.

Zile siku 20 ndizo za kukumbuka. Vijidudu vipo, ila ni vichache, na vinahitaji muda wa kuzaana. Miaka karibu 40 iliyofuata ilikuwa ni watu wenye akili wakitafuta jinsi ya kuukwepa muda huo bila kutambua kwamba ndilo jambo lenyewe wanalolitafuta. Walijenga vitanda vya mawe na kokoto, maji yakadondoka juu yake na vijidudu vikaota kama ute juu ya kila jiwe. Vilifanya kazi. Lakini vilitaka ardhi kubwa, viliziba, na miji ilikuwa inakua kuliko vitanda.

Tuhamie Manchester. Mji wa pamba na moshi, ulioamua kuchimba mfereji hadi baharini ili meli zifike mlangoni, na mfereji huo ukafunguliwa mwaka 1894. Mwaka huohuo mji ulifungua kiwanda cha majitaka pale Davyhulme, kando ya mfereji. Mfereji wa meli si mto. Maji yake hayakimbii, na chochote unachomwaga humo kitakaa na kukutazama. Kwa hiyo Manchester ilikuwa na haraka ambayo London, iliyo karibu na bahari, haikuwa nayo.

Gilbert Fowler alikuwa mkemia aliyeijua Davyhulme kwa undani na baadaye akafundisha chuo kikuu cha mji huo. Mwaka 1912 alisafiri kwenda Marekani kushauri juu ya uchafu wa bandari ya New York, na katika safari hiyo akapita Lawrence, Massachusetts, ambako jimbo lilikuwa na kituo cha majaribio ya maji na majitaka tangu 1887. Kule walimwonyesha chupa. Majitaka yalikuwa yamepulizwa hewa ndani ya chupa zilizoota mwani wa kijani, na yalikuwa meupe kwa namna isiyo ya kawaida. Fowler alirudi nyumbani na picha ya chupa hizo kichwani.

Alipofika, hakufanya mara moja lile tunalomkumbukia. Kwanza alifanya alichofanya baba yangu. Pamoja na Ernest Mumford alichukua bakteria mmoja aliyepatikana kwenye maji ya mgodi wa makaa ya mawe, wakampa jina M7, wakamtia kwenye majitaka pamoja na chumvi kidogo ya chuma, wakapuliza hewa. Maji yalisafika vizuri, wakachapisha matokeo mwaka 1913. M7 alikuwa mfanyakazi wa kuajiriwa kutoka nje, kipakti cha Ijumaa. Leo ukimtaja M7 mbele ya wahandisi wa majitaka, wengi watadhani unataja barabara.

Waliobadilisha mambo walikuwa wengine wawili waliofanya kazi palepale Davyhulme, Edward Ardern na msaidizi wake William Lockett. Fowler aliwaeleza alichokiona Lawrence na kuwashauri wajaribu. Wakachukua chupa za majitaka, wakazizungushia karatasi ya kahawia ili mwanga usiingie na mwani usiote, wakapuliza hewa. Ilichukua kama wiki tano kwa amonia yote kugeuka naitreti. Wiki tano za kupuliza hewa! Hakuna mji unaoweza kuhifadhi majitaka yake kwa wiki tano. Kwa kipimo chochote cha kawaida, jaribio lilikuwa limeshindwa.

Chini ya chupa kulikuwa na tope kidogo la rangi ya kahawia. Kila mtu aliyewahi kufanya jaribio kama hilo alimaliza kwa kuosha chupa. Ardern na Lockett hawakuosha. Walimimina maji ya juu, wakaliacha tope, wakatia majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Safari hii muda ulipungua. Wakarudia. Ukapungua tena. Kila duru tope liliongezeka na muda ukafupika, mpaka kazi ya wiki tano ikawa inakwisha ndani ya saa 24, na tope likiwa la kutosha, ndani ya saa chache tu.

Nimejaribu kuwaza walivyojisikia asubuhi ile ya kwanza walipopima na kukuta hesabu hazifanani na za jana. Lakini ripoti yao haina hisia hata chembe, ni majedwali tu. Waliisoma mbele ya chama cha kemia ya viwanda tarehe 3 Aprili 1914, Grand Hotel, Manchester. Tope hilo walilipa jina ambalo kwa Kiswahili tungeweza kusema tope lililochangamshwa, ingawa mimi napenda zaidi kusema tope lililoamshwa.

Siri yake ilikuwa nini? Hawakuongeza kiumbe chochote. Kila kilichohitajika kilikuwa tayari ndani ya majitaka, kimeletwa na watu wa Manchester wenyewe kutoka matumboni mwao na kutoka udongo wa mitaani. Walichofanya ni kutowatupa. Na kumimina kwenyewe kulikuwa kunachagua: kijidudu kinachoelea peke yake kilikwenda na maji ya juu, kile kinachoshikamana na wenzake na kuzama pamoja nao kilibaki. Duru baada ya duru walikuwa wakifuga, bila kukusudia, jamii ya viumbe wanaojua kushikana. Ukitazama tone la tope hilo kwa hadubini utaona mabonge yenye umbo la mawingu, bakteria kwa maelfu wamegandamana, na kando yao vijiumbe vikubwa zaidi vyenye umbo la kengele, vimesimama juu ya vijiti vyembamba, vikila bakteria waliozubaa nje ya bonge. Ni hao wanaoyafanya maji yawe meupe.

Miezi michache baadaye vita vikaanza Ulaya, lakini ugunduzi ulienda mbio hata hivyo. Salford walijaribu mwaka huohuo. Mwaka 1916 mji wa Worcester, Uingereza, ulikuwa na kiwanda kamili. Fowler akaondoka kwenda Bangalore, India, kufundisha. Na katikati ya haya kampuni ya uhandisi ya Jones and Attwood ya Stourbridge ilikuwa imechukua hataza. Naitaja kampuni hii kwa sababu ilizaa kesi ambayo siichoki. Mji wa Milwaukee, Marekani, ulijenga kiwanda kikubwa kwenye Jones Island, ukingoni mwa Ziwa Michigan, na kuanzia mwaka 1926 ukawa unakausha tope lake na kuliuza kama mbolea kwa jina la Milorganite. Viwanja vya gofu vililipenda. Wenye hataza wakashtaki, na wakashinda: mji ulikuwa umetumia mbinu yao bila kulipa. Mahakama ya kwanza ikatoa amri ya zuio. Mwaka 1934 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba hataza imevunjwa, lakini ikakataa kufunga kiwanda, kwa sababu kukifunga kungemaanisha majitaka mabichi ya jamii nzima kuingia ziwani na kuhatarisha afya ya watu. Mji ulipe fidia, lakini wale wadudu waendelee na kazi. Wanasheria huitaja kesi hiyo mpaka leo, mara nyingi bila kugusia kwamba walinzi halisi wa afya pale walikuwa bakteria.

Tope lililoamshwa lina tabia moja mbaya: linazaana. Ukiwalisha wanaongezeka, na lazima kila siku utoe wengine. Kwa hiyo swali la tope lilirudi mlangoni, kubwa kuliko mwanzo. Jibu la pili la karne lilitoka upande wa giza, kule kusiko na hewa.

Hapa mambo yalikuwa yameanza mapema zaidi. Mwaka 1895 Donald Cameron, mhandisi wa mji wa Exeter, alijenga tangi lililofunikwa ambamo majitaka yalikaa bila hewa, akaliita tangi la kuozesha, na gesi iliyotoka akaiwashia taa. Mwaka 1897 kituo cha wagonjwa wa ukoma pale Matunga, Bombay, mji ambao mabaharia wa pwani yetu waliujua kuliko Exeter, kilikuwa na matangi yenye kukusanya gesi. Sijui kwa nini habari ya Matunga hunigusa kuliko ya Exeter. Labda ni kwa sababu watu waliotengwa na mji kama uchafu ndio waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuupata mwanga na nguvu kutoka uchafuni. Mfano wa Cameron ulisambaa duniani kote, na nyumba yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa yenye shimo la zege lililofunikwa uani ni mjukuu wake. Miji ikaukuza zaidi: matangi makubwa yaliyofungwa, yanayopashwa joto la nyuzi 35 hivi, tope likakaa humo wiki mbili tatu na kutoka likiwa limepungua, limetulia, halinuki sana, na limeacha gesi ya methani ya kuendeshea injini.

Ni nani anayefanya kazi hiyo? Kwa miaka mingi mfano uliopendwa ulikuwa bakteria aliyeitwa Methanobacillus omelianskii, aliyekuzwa maabara, aliyesemekana kugeuza alkoholi kuwa methani. Alitunzwa kwa zaidi ya miaka 25 kama kiumbe mmoja. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake, Illinois, walitangaza kwamba si mmoja, ni wawili. Wa kwanza anakula alkoholi na kutoa haidrojeni, lakini haidrojeni hiyo ikirundikana inamkaba na hawezi kula tena. Wa pili anakula haidrojeni na kutoa methani. Mmoja hawezi kuishi na taka zake mwenyewe, mwingine hana chakula kingine ila taka hizo. Wanasayansi walikuwa wamewatazama majirani hao kwa robo karne wakidhani ni mtu mmoja.

Miaka kumi baadaye, palepale Illinois, likatokea kubwa zaidi. Ralph Wolfe alikuwa na kijiumbe cha kutoa methani kilichopatikana kwenye tope la majitaka la mji wa Urbana, wenye chuo chake. Carl Woese, aliyekuwa akisoma chembe za urithi ili kujua nani ni ndugu wa nani kati ya viumbe wote, alikipima, na hakikuwa bakteria. Hakikuwa mmea, mnyama wala uyoga. Mwaka 1977 Woese na George Fox wakachapisha hoja kwamba uhai una matawi makuu matatu, siyo mawili, na kwamba tawi la tatu, ambalo leo linaitwa akea, lilikuwa limekaa mbele ya pua zetu. Watu wamepanda milima na kuzamia bahari kutafuta viumbe wapya. Huyu alitoka kwenye tope la majitaka la mji mdogo katikati ya mashamba ya mahindi.

Sasa nirudi Mbagala. Yale madai ya kijana mwenye begi yalipimwa kweli, siyo kwetu, bali Afrika Kusini. Watafiti wa chuo kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, walichukua dawa za vijidudu zinazouzwa madukani, wakazijaribu maabara na kwenye vyoo vya shimo vya watu, na wakachapisha matokeo mwaka 2009: hakuna tofauti ya maana kati ya vyoo vilivyotiwa dawa na visivyotiwa. Ukifikiri kidogo, ingewezaje kuwepo? Gramu moja ya kinyesi ina makumi ya mabilioni ya bakteria. Kipakti cha Ijumaa ni kama kupeleka kibarua mmoja Kariakoo siku ya sikukuu na kutangaza kwamba sasa soko litapata watu. Wadudu hawakuwa wamepungua chooni kwetu. Kilichokosekana ni hewa, na nafasi, na mahali pa kulipeleka tope lililokwisha kuliwa. Baba hakulaghaiwa juu ya kwamba vijidudu hula. Alilaghaiwa juu ya kwamba tatizo letu lilikuwa upungufu wao.

Mahali penyewe papo, kwa wenye uchochoro mpana. Magari ya kunyonya hupeleka mzigo Vingunguti, kwenye mabwawa yaliyo jirani na bonde la Msimbazi. Nairobi ina yake makubwa zaidi kule Ruai. Nimesimama Vingunguti nikatazama maji yakipita bwawa hadi bwawa, meusi mwanzoni, kisha kijani kibichi kabisa. Kijani kile ni mwani. Jua letu linaulisha, wenyewe unatoa oksijeni, bakteria wanaitumia, na hakuna pampu inayozunguka wala umeme unaolipiwa. Ni zile chupa za Lawrence, zikiwa na ukubwa wa viwanja vya mpira. Ardern na Lockett walizifunika zao kwa karatasi ya kahawia, na kwa Manchester, ambako jua ni mgeni, walifanya sawa. Hapa ingekuwa ujinga kuifunika.

Isionekane kwamba nawaimbia wadudu hawa kama watu wanavyoimbia timu. Kuna wasivyoweza. Mwaka 2022 jimbo la Maine, Marekani, lilipiga marufuku kumwaga tope la majitaka mashambani, baada ya wakulima kugundua kwamba ardhi yao, maji yao ya visima na maziwa ya ng'ombe wao vina kemikali za PFAS, zile zinazotumika kuzuia chakula kisigande kwenye kikaango na maji yasilowe kwenye nguo. Hakuna kijidudu cha kiwandani kinachozimaliza. Kwa miaka walikuwa wameletewa tope hilo kama mbolea, na wameambiwa ni salama. Wafugaji wengine walilazimika kuacha kabisa.

Wiki ya saba ilipokwisha, shimo letu lilikuwa limepanda, halijashuka. Mama hakusema kitu, jambo ambalo kwa baba lilikuwa baya kuliko kusema. Masika ilikuwa inakaribia. Usiku mmoja mtu wa mtaani alimnong'oneza baba kwamba angeweza kumtobolea ukuta mvua ya kwanza ikipiga, bei nafuu. Baba alitazama kule bondeni, chini yetu, kulikokuwa na nyumba mbili zaidi na shule ya awali, akamwambia hapana. Akawaita vyura.

Walikuja watatu, saa sita usiku, na ndoo, kamba, sepetu, na chupa ya konyagi ya kujikinga na harufu. Hawakuwa na glavu. Walichimba shimo jipya kando ya mwembe, wakaanza kuhamisha. Baba alisimama nao mpaka alfajiri akiwamulikia kwa taa ya chemli, nami nikiwa nyuma yake. Karibu na juu kabisa, ndoo ya tatu au ya nne, mmoja wao aliinua sepetu na kitu kikang'aa. Alikishika kwa vidole, akakipangusa kwenye suruali, akakisogeza kwenye mwanga.

"Mzee, hii ni yako?"

Kipakti kilikuwa kizima, hakijatoboka hata pembe moja. Ndani unga ulikuwa bado mkavu, ukisikika ukichezacheza kila alipokitikisa. Mpaka alfajiri walikuwa wamevipata sita.